Mawe Tuliyoyatia Kwenye Zege

Nimeombwa niwaandikie nyie vijana mnaoanza kazi ya upimaji, na nikaambiwa niandike mambo ya kuwatia moyo. Aliyeniomba hanifahamu vizuri. Miaka thelathini na ushee nimetembea na futikamba kwenye miteremko ya Uluguru, na jambo ninalolikumbuka kuliko yote ni kosa nililolifanya mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Hilo ndilo nitakalowaandikia. Ya kutia moyo mtayapata kwenye hotuba.

Hapa Kihonda wananiita Mzee Futikamba. Watoto wa jirani wanadhani ndilo jina langu la ubatizo, nami siwasahihishi, maana hata mke wangu huwa analitumia akikasirika. Nyie mna vindege vyenu vinavyoruka na kupiga picha, mnakaa kwenye kivuli mnakunywa soda huku kijiji kizima kinapimika. Sina wivu. Ila chini ya miti mikubwa, kule kwenye makorongo, kindege hakioni kitu na GPS inatangatanga kama mlevi. Siku hiyo mtaitafuta futikamba, na mtajua kwamba inatumia miguu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Gaudensi, mtu mfupi, mkali, asiyecheka mpaka mwenzake akosee. Wiki yangu ya kwanza alinipa dira nisome mwelekeo wa mstari kutwa nzima. Nikasoma, nikaandika, nikajisifu. Jioni mahesabu yakatupeleka katikati ya bwawa. Mzee Gaudensi akanitazama kiunoni, akacheka mpaka akakaa chini: nilikuwa nimening'iniza panga, na chuma cha panga kilikuwa kikivuta sindano ya dira siku nzima. Tangu hapo panga langu hubebwa na mtu mwingine. Na nyie fanyeni hivyo hivyo.

Alinifundisha pia kufunga mzunguko. Unaanza kwenye pointi moja, unapima, unazunguka kilima, unarudi palepale ulipoanzia. Hesabu nayo lazima irudi palepale. Isiporudi, kuna mahali umedanganya au umedanganywa, na hulali mpaka upajue. Jambo lake la mwisho alikuwa akilirudia hadi tunachoka kulisikia: ukikuta kitu kimewekwa porini, usikinyanyue kabla hujajua nani kakiweka. Nililisikia miaka kumi na saba. Siku nilipolihitaji, nikalisahau.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Ulikuja mradi wa kupima njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita chini ya milima yetu hapa, ikaenda hadi ziwani, ikipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa shingo. Nchi inaomba njia hiyo iandikwe kwenye urithi wa dunia. Mkuu wa mradi, bwana mmoja mtaratibu mwenye miwani, alituonyesha picha kwenye kompyuta. Ilikuwa njia ya vumbi huko Meksiko, waliyoitengeneza Wahispania walipoitawala nchi ile, nyumbu wakipitisha madini ya fedha. Ikaandikwa. Shaibu, fundi wetu wa saruji, mtu wa Ngerengere asiyeona aibu kuuliza, akauliza mbona haina hata lami. Mkuu akatueleza kwamba kinachoandikwa si barabara nzima, ni mahali: daraja, nyumba ya kulala wasafiri, kanisa dogo, makaburi. Bila mahali pa kuonyesha, alisema, njia ni hadithi tu.

Sasa ndiyo shida yetu. Huku bondeni njia ile imeshajengewa nyumba, imelimwa, imepitiwa na reli. Mahali pamekwisha. Tukaambiwa tupande juu, kwenye vijia ambavyo wawindaji wa watu walivitumia kuwashushia Waluguru waliokimbilia mlimani. Kila tutakapopata alama ya zamani tupime, tujenge bikoni, nguzo fupi ya zege ya kupimia, tuiandike namba. Wageni wa kutathmini walikuwa njiani, na sisi tulikuwa na siku tisa.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko juu, upande ambao ukungu hupanda saa nne asubuhi na kukaa mpaka utakapopenda wenyewe. Watu wake wanalima karoti, kabichi na stroberi, Jumapili wanajaa kanisani, na wana heshima ya kukuamkia hata wakiwa wamebeba mzigo wa kilo arobaini kichwani. Juu kidogo ya kijiji, kijia kinapokunja kona kuingia msituni, tulikuta mawe. Yalikuwa yamepangwa kwenye nyasi, ubavuni mwa njia, mstari mmoja. Laini, ya mviringo, mengine kama ngumi, mengine kama nazi iliyofuliwa.

Nilisimama nikayaangalia. Nataka mjue kwamba nilisimama. Mawe yale yalikuwa ya mtoni, na mto uko mbali chini, mwendo wa saa nzima. Mpima yeyote mwenye macho angejiuliza yalipandaje. Nikajijibu haraka kwamba labda ni mafiga ya wapagazi wa zamani. Nikaandika kwenye daftari: alama ya kambi. Kisha Shaibu akasema ana saruji na mchanga lakini hana mawe ya kujazia msingi wa bikoni, na kuyatoa kijijini kungetula nusu siku. Nikamwambia atumie hayo hayo, mahali tumeshapaandika. Yeye alisita, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nani mkubwa wa kazi hapa.

Tulijenga bikoni nzuri. Nilipenda jinsi ilivyosimama wima.

Kesho yake asubuhi tukaanza kupima kutoka kwenye bikoni ile. Tukazunguka kilima, tukarudi, hesabu ikakataa kufunga. Ilizidi kwa kama mkono mmoja. Si kitu, futikamba hulegea. Tukarudia. Ikazidi kwa mkono ule ule. Nikabadilisha futikamba, nikampa Shaibu mwisho niliokuwa nashika mimi, nikahakikisha hakuna panga karibu na dira. Mara ya tatu mkono ule ule. Nyie mnajua, au mtajua, kwamba makosa ya kweli hayafanani. Leo unazidisha, kesho unapunguza. Kosa linalorudi sawasawa mara tatu lina mtu nyuma yake, na mimi sikumwona huyo mtu.

Halafu zege lenyewe halikukauka. Tulikuwa tumejenga bikoni nyingine chini, kwa mfuko ule ule wa saruji, na hiyo ilikuwa ngumu kama sakafu. Hii ya juu ukiigusa kiganja kinarudi na maji. Shaibu akalaumu ukungu. Ila nilimwona akijifuta mkono kwenye suruali, akajifuta tena, kisha akaenda kunawa.

Cha tatu ndicho kilichonitia woga. Akina mama wa kijijini hushuka na kijia kile kila asubuhi kupeleka mboga mjini. Siku hiyo walikuja sita, wakiongea na kucheka. Wakafika kwenye kona, wakaiona bikoni, wakanyamaza. Hawakutuamkia. Wakateremka na mizigo yao kichwani kupitia kwenye miiba, wakazunguka mbali, wakarudi njiani kule mbele. Tuliwasikia nyayo zao zikiondoka kwenye ukungu. Walipokwisha kupotea kabisa, bado tulisikia nyayo. Zilikuwa peku, zinakuja taratibu kwa mstari upande wetu, zikafika karibu na bikoni zikasimama. Ukungu ulipopasuka hapakuwa na mtu. Shaibu alianza kusoma dua, nami Mkatoliki nikamfuatisha pale nilipoweza.

Mchana huo akaja Bibi Paskalina. Alikuwa kizee wa kijiji, kipofu, anashikwa mkono na mjukuu wake Tekla, mama wa watoto wawili. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba baba, kwa sauti ya chini. Akapiga magoti penye nyasi akaanza kupapasa. Alipapasa mwanzo wa mstari, katikati, mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akauliza, bila kugeuza uso, wako wapi watu wake.

Tekla ndiye aliyetueleza, amesimama, macho yake kwenye bikoni muda wote. Zamani zile mtu alipochukuliwa na msafara, mama yake alishuka mtoni, akachagua jiwe, akaliweka hapo kwenye kona, mahali mtu wake alipoonekana mara ya mwisho. Kwao ukoo unakwenda kwa mama, kwa hiyo jiwe lilirithiwa na dada, na binti wa dada, hadi mawe yote yakabaki mikononi mwa mwanamke mmoja anayeyatunza. Mtunzaji hujifunza kwa vidole, hata mwenye macho huyafumba. Hili lina kovu, hili lina shimo la kuingia kidole gumba. Jina hukaa kwenye jiwe. Mara moja kwa mwaka anayashika moja baada ya jingine na kuyataja majina, na kila jina likitajwa watu hunyamaza kidogo, ili mwenyewe, kama bado yuko njiani, apate nafasi ya kusikia kwamba anaitwa nyumbani. Yalikuwa mawe ishirini na matatu. Tekla alikuwa amejifunza kumi na moja. Mengine yote alikuwa nayo bibi yake peke yake, na bibi mwenyewe mwaka ule alikuwa ameshaanza kuugua kifua.

Wanangu, nilidanganya. Nilisema inawezekana mvua ya wiki iliyopita imeyaporomosha. Nilikuwa nafikiria wageni, nafikiria barua ya kustaafu kwa heshima, nafikiria uso wa mkuu wa mradi. Shaibu alinitazama mara moja akaangalia chini.

Bibi Paskalina aliniamini. Hapo ndipo penye aibu yangu. Alishuka kwenye mteremko kwa magoti, anatafuta kwenye majani yaliyolowa, anapapasa kila jiwe analokutana nalo na kuliweka kando. Mpaka giza likaingia. Kesho yake akarudi, viganja vimechubuka. Sisi juu tunajifanya tunapima, na hesabu inakataa kwa mkono ule ule. Saa nane hivi alipanda kupumzika, akaegemea kitu cha kwanza alichokigusa. Ilikuwa bikoni.

Akaondoa bega lake polepole. Akaweka viganja vyote viwili kwenye zege, akakaa hivyo muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande. Kisha akaniita kwa mkono.

"Baba," akasema, "umewajengea?"

Nikajifanya nasoma dira.

"Nauliza tu nijue. Maana nimewatafuta bondeni siku mbili, kumbe wananisikia wako hapa."

Nilipiga magoti nikamwambia kila kitu, na nililia, mtu mzima mwenye wajukuu. Hakunifokea. Aliuliza tu kama zege limeshika. Nikamwambia bado. Akasema basi tusikae.

Tukaivunja kwa nyundo na tindo, mimi na Shaibu, wageni wakiwa wanafika kesho kutwa. Juu lilikuwa gumu kidogo, ndani bichi kabisa, lina baridi ya kuuma vidole. Kila jiwe tulilolitoa Tekla aliliosha, akampa bibi yake. Bibi alifumba macho yake yasiyoona, akalizungusha mikononi, akataja jina. Mengine yalitoka upesi. Mengine aliyashika mpaka tukadhani amesinzia. Tekla alirudia kila jina kwa sauti, nami nikaandika kwenye daftari la uwandani, kwenye ukurasa uliokuwa wa namba. Kadiri mawe yalivyotoka, ndivyo nilivyoanza kupumua.

La ishirini na tatu lilikuwa chini kabisa, limekumbatiwa na zege. Nilikuwa nimechoka na nina haraka ya kumaliza. Nikapiga tindo bila kupapasa kwanza. Likapasuka vipande viwili.

Bibi Paskalina alivichukua vipande, akaviunganisha, akavizungusha. Akavitenganisha, akaviunganisha tena. Halikuwamo kwenye yale kumi na moja ya Tekla. Tekla akamsomea majina ishirini na mawili yaliyokwisha kutajwa, huenda yakamkumbusha. Midomo ya bibi ilifunguka, ikafumba. Mnaweza kuniuliza inakuwaje mtu asahau moja na akumbuke mengine yote. Hakuwahi kuyashika kama orodha ya shule. Jina lilikaa kwenye ule mgongo wa jiwe, na mgongo huo nilikuwa nimeuvunja mimi.

"Huyu sasa sina cha kumwitia," akasema.

Tuliyapanga mawe palepale. Jioni ile nikapima kutoka mahali bikoni ilipokuwa, ili tu niwe nimepima, na hesabu ikafunga bila kuzidi hata unene wa kalamu. Nilitegemea nitafurahi. Niliichana karatasi ile ya hesabu.

Mkuu wa mradi alipofika na wageni wake akakuta shimo na mawe kwenye nyasi, nikamsimulia mbele yao. Hakupandisha sauti, ila alinitoa kwenye kazi siku ile ile, na nilistaafu bila keki wala hotuba. Ilinistahili. Lakini niliambiwa na Shaibu kwamba wageni walikaa chini kwenye ukungu, Bibi Paskalina akawashikisha mawe, akawatajia majina, na mmoja wao, mama mtu mzima, akaomba asiambiwe tafsiri, asikilize tu. Mahali pale pameandikwa kwenye faili, bila bikoni. Ombi la nchi bado linangoja jibu. Siku likijibiwa nyie ndio mtakaopeleka mabango. Chimbieni mbali na kona, na ulizeni kwanza.

Mimi ninapanda kule kila mwaka siku ya majina. Shaibu naye huja, hata mwaka ule mguu ulipomvimba. Hatukualikwa, ila hakuna aliyetufukuza, na sasa wananiwekea hata kigoda. Siku hizi mawe anayashika Tekla, bibi yake amekaa pembeni na blanketi. Akifika kwenye lile la mwisho anaviunganisha vipande viwili, anavinyanyua, na kwa kuwa hakuna jina la kutaja, tunanyamaza tu kama kwa wengine. Ni kimya kibaya kwangu. Kila mwaka naangalia viatu vyangu mpaka kiishe.

Mwaka jana ukungu ulipanda mapema. Tulikuwa watu kama thelathini, karibu wote wanawake na watoto wao, na wote walikuwa upande wa juu wa njia. Tekla akataja ishirini na wawili. Akanyanyua vipande. Tukanyamaza.

"Abee."

Ilitoka chini, upande wa bondeni, sauti ya kawaida tu ya mtu aliyeitwa akiwa na kazi yake. Mazoea ya kazi hayafi: kabla sijaogopa nilishakadiria, mita ishirini, labda ishirini na mbili. Shaibu akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Hakuna aliyegeuka. Mtoto mmoja alitaka kuuliza, mama yake akamziba mdomo. Kule chini ni korongo tupu, hakuna kijia wala shamba, nalijua, nililipima mwenyewe.

Bibi Paskalina ndiye aliyeongea kwanza.

"Kumbe ni wa kike," akasema. "Andika, baba."

Nikafungua daftari, nikaandika: wa ishirini na tatu, wa kike. Akaniuliza nimeandika. Nikamwambia nimeandika. Akasema basi tusiondoke kwanza, huenda akataja na jina.

Tulikaa mpaka ukungu ulipoondoka na bonde lote likaonekana. Hakusema tena. Watu walipoanza kushuka, Tekla aliviweka vipande vile chini, akavisogeza pamoja mpaka ufa usionekane, akaniambia kwamba mwaka unaofuata wakimfikia huyo wa mwisho watanyamaza kwa muda mrefu zaidi.